Ritifaa Moja Ndani ya Zipu

Tuseme mfugaji wa Chimala ameandika kwenye simu orodha ya mifugo yake, faili akaliita “Ng’ombe wa Usangu.pdf”, akalifunga kwenye zipu na kulituma steshenari likachapwe. Kompyuta ya pale ni kuukuu. Zipu inafunguka vizuri, ila jina linasomeka “NgΓÇÖombe wa Usangu.pdf”. Orodha yenyewe iko salama.

Mchawi ni ile ritifaa. Kiswahili hakihitaji herufi nje ya A hadi Z, ndiyo maana balaa hili hutupata mara chache kuliko Wafaransa au Wajapani. Lakini baadhi ya simu huweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, na iliyopinda, kwa UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, hula baiti tatu: E2, 80, 99. Zipu ni kazi ya Phil Katz ya mwaka 1989, enzi za DOS, na majina ndani yake yalisomwa kwa jedwali la IBM namba 437, ambalo kwake kila baiti ni alama moja. Ndipo zinapotokea Γ, Ç na Ö.

Mwaka 2006 kanuni za zipu ziliongezewa dawa: biti ya 11 ikiwashwa, jina lisomwe kwa UTF-8. Programu za zamani haziijui biti hiyo. Na zipo programu zilizoandika UTF-8 bila kuiwasha, hivyo anayefuata kanuni neno kwa neno hukosea, anayebahatisha akapatia!

Mimi naipenda zaidi njia ya Info-ZIP, kundi la watengenezaji wa programu za zipu. Jina la zamani wameliacha mahali pake, linaweza hata kubeba ritifaa iliyonyooka. Jina la UTF-8 wakaliweka pembeni, kwenye nyongeza yenye utambulisho 7075. Kila nyongeza hutaja urefu wake, kwa hiyo programu isiyoielewa huiruka. Humo humo mna CRC-32, yaani hesabu ya uhakiki, ya jina la zamani. Programu kuukuu ikibadilisha jina na kuiacha nyongeza kama ilivyo, hesabu hazilingani, na programu mpya hulipuuza lile la pembeni. Kwa faili letu gharama ni baiti 32 kila nyongeza inapoandikwa: 23 za jina, 9 za utambulisho, urefu, toleo na CRC.