Tao Linalobeba na Tao la Plasta

Anayetaka kulijua kanisa la Kigothi lililojengwa vizuri asianzie kwenye mnara wala rangi za vioo. Aanzie kwenye tao. Mtindo huu ulizaliwa Ufaransa karne ya 12, na tao lenye ncha ndilo uti wake. Sasa tao hilo, linabeba au limechorwa tu?

Tazama juu ya dirisha. Ukiona mkanda wa zege umepita, mara nyingi ile ncha ni plasta na uzito umeshikwa na nondo. Makanisa mengi mapya yako hivyo, nami siyahesabu kuwa ya Kigothi. Tao la kweli hujionyesha kwenye jointi: ubavu wa kushoto una kitovu chake, wa kulia una chake, na kila jointi huelekea kitovu cha ubavu wake. Halafu kagua kuta, kwa sababu tao husukuma nje. Ufa wa nywele kwenye plasta si neno. Ufa kileleni mwa tao huweza kuwa dalili ya ukuta uliosogea.

Jicho hufunzwa vizuri kwenye kanisa la Mkunazini, Zanzibar. Jiwe la msingi la kanisa hilo, alilolijenga Askofu Edward Steere, liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, papo hapo sokoni. Misafara ya watumwa ilipita hata bonde la Mkondoa, hapa Kilosa, kwa hiyo mtu wa Rudewa haingii mle kama mgeni. Madirisha yana ncha, mapambo yana mkono wa Kiarabu, na paa ni pipa la matumbawe yaliyopondwa na saruji, bila boriti. Watu walisema litaanguka. Lipo. Kigothi halisi kingekusanya uzito kwenye mbavu za mawe. Pipa huulaza ukutani kote, ndiyo maana kuta zake ni nene. Kwangu huo ni ufundi mkubwa: Steere aliifuata tabia ya matumbawe.

Nyuma kuna nguzo zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimika Steere akiwa safarini. Kosa hilo ni la sura, si la uzito.

Ukijengewa tao na fundi wa tofali za kuchoma hapa Rudewa, omba kuona fomu yake ya mbao kabla hajapanga tofali. Ikiwa ameikata kwa kukadiria, bila kamba na misumari miwili ya vitovu, msimamishe.