Mumiani wa Guanajuato

Guanajuato ni mji mzuri kupita kiasi. Nyumba za rangi ya chungwa, waridi, njano na buluu zimepandana vilimani kama vitabu vilivyorundikwa na mtu mwenye haraka. Magari mengi yanapita chini kwa chini, kwenye mahandaki ambayo mengine zamani yalikuwa njia ya mto, kwa hiyo huku juu ni miguu yako tu: unapanda, unapotea, unaibukia kwenye kiuwanja ambako wanafunzi wanapiga gitaa. Nilikaa siku nne. Siku ya kwanza nilitaka kuhamia kabisa. Siku ya tatu nilikuwa nimeudhika, na maudhi yenyewe ni ya msomaji kuliko ya mtalii, ndiyo maana nayaleta hapa. Mji huu wa Meksiko una visa vizito, halafu unavisimulia kana kwamba wenye visa hawakuwahi kuishi.

Tuanze na busu. Callejón del Beso ni kichochoro chenye upana wa sentimita 68 tu pale kinapobana. Roshani mbili zinakaribia kugusana. Kisa chake mnaweza kukibuni wenyewe: binti wa tajiri, kijana maskini (kwa baadhi ya wasimuliaji ni mchimba madini), baba mkali, kisu. Wapenzi wakibusiana kwenye ngazi ya tatu wanapata bahati ya miaka saba; wasipobusiana, mkosi wa miaka saba. Foleni ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa peke yangu, hesabuni wenyewe.

Sina ugomvi na kisa hicho. Ila angalia mchimba madini anaingiaje kwenye masimulizi ya mji uliojengwa kwa migongo ya wachimba madini. Anaingia kubusu. Akirudi tena anakuwa shujaa: El Pípila, ambaye tarehe 28 Septemba 1810 inasemekana alijifunga bamba la jiwe mgongoni kujikinga na risasi, akasogea hadi mlango wa Alhóndiga de Granaditas, ghala la nafaka walimojificha Wahispania, akauchoma moto. Wanahistoria wanabishana kama mtu huyo alikuwepo kweli. Sanamu lake lipo, kubwa, juu ya kilima, na kila mgeni anapelekwa pale kupiga picha.

Sasa msome Alexander von Humboldt. Alifika hapa mwaka 1803 akautazama mgodi wa Valenciana, mmoja wa migodi tajiri zaidi ya fedha duniani wakati ule, akaandika habari za tenateros: wapagazi waliopandisha mawe ya madini kwa ngazi kutoka chini ya ardhi, zaidi ya kilo mia moja mgongoni, saa nyingi kwa siku. Yaani jiwe mgongoni halikuwa tukio la siku moja ya ushujaa, lilikuwa kazi. Ukishajua hilo, sanamu la Pípila linabadilika mbele ya macho yako. Kiongozi wetu yeye alisema "shujaa", akasema "picha dakika kumi", tukaondoka. Jirani na mgodi liko kanisa la San Cayetano, lililokamilika 1788, madhabahu zake zimepakwa dhahabu kuanzia chini hadi juu. Unalitazama na huna hakika umshukuru nani.

Kilichoniudhi hasa ni Museo de las Momias. Habari yake ni fupi na ya kikatili. Makaburini kulikuwa na ada ya kaburi la kudumu. Ndugu wakishindwa kulipa, marehemu anafukuliwa apishe wengine. Kuanzia 1865 wakagundua kwamba baadhi ya miili haijaoza. Imekauka tu. Wakaanza kuiweka kando, watu wakaanza kuja kuitazama, na leo inakaa kwenye makasha ya vioo, tiketi inakatwa mlangoni. Yumo hadi mtoto mchanga. Mlitoka mnaona? Mtu alikosa hela ya kulala kaburini, sasa mimi natoa hela nimwone amekosa. Nje wanauza peremende za sukari iliyosokotwa umbo la maiti, na watoto wanazimung'unya kwa raha zao.

Ndani tuliambiwa vinywa viko wazi kwa sababu walikufa wakipiga kelele. Si kweli, taya hulegea mtu akifa. Lakini kelele inauza.

Wasomaji wa Kiswahili tuna neno la kutusaidia hapa. Hiyo momia ya Kihispania na mumiani yetu zina asili moja, mumiya ya Kiajemi na Kiarabu, kitu cheusi kama lami kilichouzwa kama dawa. Kwetu neno likatembea likawa mtu: mumiani, anayewinda wanyonge usiku awatoe damu ikauzwe. Wasomi wengi wanaichukulia kama uvumi wa enzi za ukoloni. Mimi naiona kama uhakiki wa kiuchumi uliotungwa na watu wasio na magazeti: kuna mahali mwili wa maskini unageuzwa bidhaa, na faida haiji kwake. Sijui kama bibi zetu wangehitaji kiongozi wa watalii kuelewa jumba lile.

Fasihi nayo imepita humo. Ray Bradbury aliona maiti hawa miaka ya 1940, wakamtisha, akaandika hadithi fupi "The Next in Line", iliyotoka 1947 ndani ya Dark Carnival. Mke na mume Wamarekani wanakwama kwenye mji wa Meksiko, mke anashikwa na hofu ya wale maiti hadi inammaliza. Hofu yake imeandikwa kwa ustadi, sibishi. Lakini soma tena uone: waliokauka wako pale kumtisha mgeni. Jina, kazi, deni, hakuna. Bradbury ni mtalii mwenye kipaji, lakini ni mtalii.

Anayejua kuucheka mji huu ni mwanawe, Jorge Ibargüengoitia, aliyezaliwa hapa 1928. Katika riwaya yake Estas ruinas que ves ya 1975 mji unaitwa Cuévano, na mwalimu wa fasihi anarudi kufundisha chuoni. Anampenda msichana, Gloria. Rafiki anamwambia binti huyo ana ugonjwa wa moyo, akifika kilele cha mapenzi tu anakufa. Uongo mtupu, na riwaya inaendeshwa na uongo huo. Niliisoma kwa Kihispania changu cha kuunga, kamusi pembeni, nikacheka peke yangu kwenye basi. Ina upungufu wake: ni dunia ya maprofesa na chupa zao, na wanawake wanatazamwa zaidi kuliko wanavyotazama. Lakini Ibargüengoitia ameshika ugonjwa wenyewe. Cuévano ni mahali ambapo hadithi tamu haiulizwi kitu, na watu wenye akili zao wanapanga maisha juu yake. Nilivyokuwa kwenye ile foleni ya busu nilimkumbuka sana.

Haki ya mji niitoe pia. Tangu 1953 wanafunzi wa hapa wamekuwa wakicheza michezo mifupi ya Cervantes uwanjani, na ndiko lilikochipuka tamasha la Cervantino lililoanza 1972. Cervantes mwenyewe hakufika Amerika. Mwaka 1590 aliomba kazi huko, mojawapo ikiwa ya Soconusco, ambayo leo iko Meksiko, akanyimwa. Kumpa makao mtu aliyenyimwa ni jambo zuri, na wamelifanya bila kumweka kwenye kioo.

Ibargüengoitia alikufa 1983 kwa ajali ya ndege karibu na Madrid. Majivu yake yako hapa, kwenye bustani yenye jina la babu yake mkuu, chini ya kibao cha vigae kinachotaja kwa kejeli kidogo kwamba babu huyo alipigana na Wafaransa. Hakuna tiketi. Nilikaa pale karibu nusu saa na hakuna aliyekuja kunisimulia chochote.