Wosia Usio na Jibu: Mama, Binti na Kauli katika Utendi wa Mwana Kupona

Ni tungo chache za mwambao zilizosomwa, kukaririwa na kubishaniwa kama Utendi wa Mwana Kupona. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Tangu hapo wasomaji wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaousifu kuwa ni kioo cha adabu ya mwanamke wa Kiswahili, na wako wanaoulaumu kuwa ni mnyororo aliofungwa mwanamke huyo kwa maneno matamu. Makundi hayo mawili, pamoja na ugomvi wao, yana jambo moja yanalokubaliana bila ya kujua: yote huusoma utendi kama orodha ya amri. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni jepesi zaidi, nalo lina uzito wake. Haya ni mazungumzo ya namna gani? Nani anasema, nani anasikiliza, na nani ana ruhusa ya kujibu?

Utendi unaanza kwa wito. Mama, ambaye maradhi yamemkaa mwilini, anamwita binti yake asogee karibu, aketi, na aje na wino na karatasi, kwani ana jambo la moyoni analotaka kumwambia. Vifaa hivyo havikutajwa kwa pambo. Mama anaijua hali yake, na anajua kwamba neno la mdomo huenda na upepo. Anataka kauli yake ibaki nyumbani baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo tangu ubeti wa mwanzo binti amepewa kazi mbili, ya sikio na ya mkono. Kazi ya tatu, ya ulimi, hakupewa. Katika utendi mzima Mwana Hashima hana hata kipande kimoja cha kusema.

Ili kuufahamu uzito wa wito huo yafaa kukumbuka desturi za mwambao. Mambo ya unyumba, kwa kawaida, hayakuwa mazungumzo ya mama na mwanawe. Heshima iliweka pazia baina yao, na nyuma ya pazia hilo akasimamishwa somo au kungwi, aliyeweza kumweleza mwari yale ambayo mama aliona haya kuyatamka. Mwana Kupona ameishika mwenyewe kazi iliyozoeleka kuwa ya somo. Ameweza kufanya hivyo kwa sababu ameivisha kauli yake vazi la utendi: ubeti wa vipande vinne, mizani minane kila kipande, vina vya vipande vitatu vikibadilika na kina cha kipande cha nne kikirudi palepale tangu mwanzo hadi mwisho. Vazi hilo ndilo lililoondoa haya. Lisilosemeka kwa maneno ya kawaida baina ya mama na bintiye limesemeka kwa mizani. Hapa ushairi haukuwa anasa. Ulikuwa njia pekee ya watu wawili wa damu moja kufikiana.

Ukiondoa dua na maelezo ya dini, sehemu kubwa ya wosia wenyewe ni elimu ya mawasiliano. Binti anafundishwa ulimi wa adabu na usio na fitina, na anatahadharishwa na maneno yasiyo na maana. Anafundishwa kwamba mume akilala asiamshwe ovyo wala asipigiwe makelele. Anafundishwa kutoacha pete kidoleni, hina mkononi na wanja machoni. Msomaji mwenye haraka huyaona haya kuwa ni mambo ya urembo na utumishi tu. Mwenye kutulia huona kwamba mtunzi amefahamu jambo ambalo watu wengi wa ndoa hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa: ndani ya nyumba maneno ni sehemu ndogo ya mazungumzo. Namna ya kupita karibu na mtu aliyelala ni kauli. Kujipamba ni kauli, na kuacha kujipamba ni kauli kali zaidi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwana Kupona ameongeza kwamba mtu aweza kujikwaa hata kama hakufungua kinywa.

Huo ndio ubora wa utendi, na hapohapo ndipo ulipo upungufu wake. Elimu yote hii inakwenda upande mmoja. Mke anafundishwa kumsoma mume kama nahodha anavyolisoma wingu, lakini wingu halisomi nahodha. Utendi unataja watano ambao mwanamke hana budi kupata radhi zao, nao ni Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Hautaji ni nani anayepaswa kutafuta radhi ya mwanamke huyo. Kusema hivi si kumhukumu mtunzi wa mwaka 1858 kwa mizani ya leo. Upungufu huo unaonekana ndani ya utendi wenyewe, tena katika mahali pake pazuri kuliko pote.

Mahali hapo ni pale mama anapoitoa ndoa yake mwenyewe kuwa ushahidi. Anamweleza binti kwamba aliishi na babake kwa furaha na kicheko, bila ya kuvunjiana heshima, na kwamba faradhi ya mauti ilipomjia mume huyo alimkariria mkewe radhi zake, na moyo wa mke ukatosheka. Ni beti chache, hazina kilio wala majigambo, na nguvu yake imo katika utulivu huo. Lakini na ziangaliwe tena. Katika habari yote ya ndoa hiyo, maneno ya mume yanayohifadhiwa ni hayo ya kitandani pa mauti. Miaka ya kuchunga sauti na kupima hatua imelipwa kwa neno moja la radhi, likaja mwishoni. Mwana Kupona analitaja kama hazina, na hapana shaka kwake lilikuwa hazina. Msomaji hawezi kujizuia kuuliza kama neno hilo halikuweza kusemwa mapema, siku ya kawaida, baada ya chakula cha mchana.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoulaumu utendi hulisahau. Mtunzi hafanyi anayofundisha, au tuseme anafanya zaidi ya anayofundisha. Anayemwambia binti apime maneno yake, yeye mwenyewe amenena beti mia na zaidi kidogo. Hakuridhika na sikio la binti mmoja. Ameelekeza maneno yake kwa wanawake wengine nao wausome. Na anapogeuka kutoka kwa binti na kuelekea kwa Mola, sauti yake inabadilika kabisa. Mbele ya mume kauli ilikuwa ya kipimo. Mbele ya Mungu inamwagika. Anaomba, anarudia, anakabidhi wanawe na nduguze, anataja maradhi yake na shida yake bila ya kuficha. Hapa ndipo msomaji anapomsikia Mwana Kupona mtu, si Mwana Kupona mwalimu. Yaelekea dua ndiyo iliyokuwa baraza lake la pekee la kusema bila ya kujichunga, na kulisoma baraza hilo pamoja na mafunzo yaliyotangulia ndiko kuusoma utendi kwa haki.

Upungufu huu si wa mtunzi mmoja. Ushairi wa Kiswahili unajivunia kujibizana, na una haki ya kujivunia. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliufanya ushairi kuwa uwanja wa watu kusemeshana, na majibizano yameendelea tangu wakati wake katika mikutano, magazeti na redio. Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki iliyochapishwa mwaka 1973 kutokana na tungo za miaka yake ya kifungo, ameweka shairi la mnazi unaogombaniwa na Alii na Badi, na kila mmoja amepewa nafasi ya kuitetea hoja yake hata msomaji akawa hakimu. Lakini uwanja huo ulikuwa wa watu waliohesabiwa kuwa sawa. Ushairi ulipoingia nyumbani, kwa mzazi na mwana, uliacha kujibizana ukawa wosia. Shaaban Robert naye alifuata njia hiyo alipomtungia binti yake utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Ni tungo za mapenzi makubwa, na ndani yake mtoto anapokea; hasemi. Mtu akitaka kumwona Shaaban Robert akisubiri kusemeshwa hana budi kwenda kwenye barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilizochapishwa kuwa kitabu mwaka 2002. Barua, kwa maumbile yake, ni nusu ya mazungumzo. Mwenye kuiandika anakiri kwamba hajamaliza kusema mpaka mwenziwe ajibu. Wosia haukiri hivyo.

Jibu lililokosa nafasi katika utendi halikupotea. Mwishoni mwa karne ya 19 kanga ilienea mwambaoni, na baadaye ikapata maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini. Hapo wanawake wakapata kipande chao cha kusema, kifupi kuliko hata ubeti wa utendi. Mke aliyefundishwa kutojibu aliweza kupita mbele ya mume, wifi au mke mwenza na jibu likiwa mgongoni, na akiulizwa akasema kwamba amevaa nguo tu. Ni werevu mkubwa, na una gharama yake. Neno la kanga halina mwenyewe. Mpigaji hukana, mpigwaji hana wa kumwuliza, na ugomvi huishi miaka bila ya kutajwa jina. Wosia ni kauli yenye mwenyewe isiyopokea jibu. Kanga ni jibu lisilo na mwenyewe. Baina ya viwili hivyo ndipo nyumba nyingi za mwambao zilipoishi, na nyingine zingali zikiishi hapo hata kama siku hizi neno hutumwa kwa simu kutoka Maskati hadi Unguja na kufika kabla mtumaji hajaliwazia mara mbili.

Kwa hiyo si busara kuuondoa Utendi wa Mwana Kupona katika madarasa, kama ambavyo si busara kuwasomea mabiharusi kana kwamba habari yote imekwisha humo. Unastahili kusomwa kama nusu ya majibizano yaliyokatika. Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake Mwana Hashima angejibu nini, kwa mizani ileile na kwa adabu ileile, atakuwa amewafundisha utendi wenyewe kuliko akiwataka wakariri orodha ya wajibu wa mke. Washairi wa leo nao wana deni hapo. Jibu hilo halihitaji kuwa la kumtukana mama. Laweza kuwa la binti aliyesikia kila neno, akashukuru, kisha akauliza yale ambayo mama hakuyataja: afanye nini yeye akilala amechoka, na mume naye afundishwe na nani kupita polepole.