Dumu juu ya keria: Land Rover lilivyopanda Kitonga bila pampu

Gari lilipozima, mjomba alishuka, akakata matawi na kuyapanga barabarani mbele na nyuma, kisha akafungua boneti na kushika spana ya plagi. Hapo ndipo saa nzima ilipopotelea. Tulikuwa tumepita Ruaha Mbuyuni, kwenye bonde la mibuyu na vitunguu, jua la saa nane likichoma, na mlima Kitonga ukitusubiri mbele. Gari lenyewe ni Land Rover 109 la petroli, injini ya lita 2.25, na kwa umri limenizidi. Mjomba aliamini koili imeungua. Alisafisha plagi zote nne, akapiga msasa pointi, akabadilisha kondensa. Selfu ilizungushwa mpaka betri ikaanza kuchoka.

Fundi aliletwa na bodaboda, mfuko wa spana begani. Hakugusa kitu. Alimwamkia mjomba, akauliza, “Mzee, lilikatika ghafla au lilikohoa kwanza?”

“Lilikohoa. Nikikanyaga mafuta linavuta kidogo, halafu linalegea.”

Swali hilo moja lilikuwa na thamani kuliko kazi yote ya ile saa nzima. Umeme ukikatika, injini hufa papo hapo, kama taa iliyozimwa. Mafuta yakikatika, bakuli la kabureta bado lina akiba kidogo, na injini huimalizia akiba hiyo kwa kukohoakohoa. Jibu la mjomba lilikuwa limeshasema ugonjwa uko upande gani. Yeye ndiye hakulisikia.

Fundi hata hivyo hakuridhika na maneno. Aliegesha plagi moja kwenye chuma cha injini, selfu ikapigwa, cheche ya bluu ikaruka. Zingatia mpangilio: cheche ilijaribiwa kabla bomba lolote la petroli halijafunguliwa. Kisha akaniuliza tumekaa hapo muda gani. Petroli ikichemka ndani ya bomba kwa joto, pampu hubaki inasukuma mvuke, na dawa yake ni kungoja tu. Lakini injini ilikuwa imepoa na gari bado liligoma, kwa hiyo joto halikuwa na kesi.

Akafungua bomba linaloingia kwenye kabureta, akakinga chupa, selfu ikapigwa. Hata tone. Akafungua bomba linaloingia kwenye pampu, akapuliza kuelekea nyuma huku mimi nimetega sikio kwenye mdomo wa tangi. Petroli ikabubujika. Njia ilikuwa safi, ikabaki pampu peke yake.

Pampu ya gari hili haitumii umeme. Kemu ya injini husukuma mkono mdogo, mkono huvuta kiwambo cha mpira, na kiwambo ndicho kinachonyonya petroli kutoka tangini. Kikichanika, pampu hucheza bure. Tena petroli inaweza kuteremkia kwenye oili. Fundi alichomoa stiki ya oili, akainusa, akanipa na mimi. Harufu ilikuwepo kwa mbali, ila kiwango hakikuwa kimepanda. Akaamua twende, oili ibadilishwe Iringa kabla ya kulala. Hapa sikubaliani naye. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, na mlima wenye kona kama Kitonga si mahali pa kuijaribu. Ningeagiza oili kwa bodaboda ileile, hata kama giza lingetukuta.

Kiwambo kipya hakikuwepo, kwa hiyo akaamua kuachana na pampu kabisa. Kabureta haijali nani ameipandishia mafuta. Ndani yake mna floti na sindano: bakuli likijaa, mlango unajifunga. Petroli ikikaa mita moja juu yake, uzito wake wenyewe hutoa msukumo wa takriban bar 0.07. Ni kidogo, lakini injini ile ilitosheka. Tulipunguza petroli ya tangi tukaigawa kwenye madumu, dumu moja la lita 5 likafungwa kwa mpira juu ya keria, na mpira wa mafuta ukapita kwenye tundu la kifuniko hadi kwenye kabureta, mbali na ekzosi. Bomba la kutoka tangini likazibwa kwa boliti.

Ili petroli ianze kushuka, fundi aliivuta kwa mdomo. Wengi hufanya hivyo, na ni vibaya: tone likipotelea mapafuni linaweza kukulaza hospitali.

Injini ikawaka. Tukaenda kama kilomita mbili, ikakohoa tena, ikazima. Mjomba akanitazama mimi, mimi nikamtazama fundi, ambaye alikuwa ameomba lifti mpaka Mahenge. Akapanda juu, akaguna, akacheka. Kifuniko kilikuwa kimekazwa mpaka mwisho. Petroli inaposhuka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo dumu linaanza kuivuta petroli irudi. Akalishusha dumu chini, mbali na gari, akatoboa kwa msumari tundu jingine la hewa kwenye kifuniko.

Tundu hilo likawa na kazi ya pili. Safari hii hakuvuta kwa mdomo. Alipuliza kwenye tundu, na msukumo wa pumzi ukaiteremsha petroli kwenye mpira. Kwangu mimi hicho ndicho kipande bora cha kazi yote, na alikigundua kwa sababu ya kosa lake mwenyewe.

Kitonga tuliupanda kwa gia ya pili. Dumu tulilijaza tena mara nne kabla ya kufika Iringa, kila mara injini ikiwa imezimwa na kupoa kwanza.

Kwako wewe mwenye gari la kisasa la EFI, usihangaike na dumu. Pampu yake husukuma petroli kwa takriban bar 3, na kupata msukumo huo kwa uzito wa petroli peke yake, ungelazimika kulifunga dumu zaidi ya mita 40 juu ya boneti.