Kwanza Mteremko, Kisha Sanduku

Mpangaji wa makazi ya dharura anayefika Rusizi na orodha ya vifaa peke yake ameanzia mwisho. Wilaya hii ya Rwanda inashuka kutoka milima ya Nyungwe hadi ukingo wa Ziwa Kivu na tambarare ya Bugarama, na kituo cha muda cha Nyarushishi, kinachopokea Wakongo wanaovuka mpaka, kiko vilimani. Nyumba za kuunganisha, zile zinazosafirishwa vipande vipande ndani ya sanduku, huchorwa kwa ajili ya kiwanja kilicho sawa. Vilimani Rusizi kiwanja cha namna hiyo hakipatikani mpaka kichimbwe.

Rwanda imewahi kujaribu nyumba za aina hii. Baada ya vita na mauaji ya kimbari ya 1994, zaidi ya watu milioni 2 walikuwa hawana makazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, liligawa maturubai na nguzo za alumini. Alumini ina soko, kwa hiyo watu waliiuza na kukata miti ya kusimamishia maturubai, na misitu iliyokwisha kuelemewa ikazidi kupukutika. Siwalaumu hata kidogo: mtu aliyepoteza kila kitu akipewa kitu kinachouzika, atakiuza alishe watoto. Msanifu Mjapani Shigeru Ban akapendekeza nguzo za mabomba ya karatasi ngumu, kama yale yanayoviringiwa vitambaa dukani, yaliyoshikanishwa kwa viungio vya plastiki. Sampuli tatu zilipimwa uimara, gharama na namna zinavyostahimili mchwa. Mwaka 1998 vibanda 50 vikasimamishwa nchini na kufuatiliwa vikiwa na watu ndani. Mashine ya kutengeneza mabomba hayo ni ndogo na rahisi, hivyo kulikuwa na uwezekano wa kuyatengeneza papo hapo badala ya kuyasafirisha. Ban alielewa sababu ya nguzo kuuzwa, akachagua mali ghafi isiyo na mnunuzi.

Lakini kazi ile ilifanyika Byumba, kaskazini mwa nchi, na ardhi ya Byumba ina kisa chake. Kambi ya Gihembe, iliyofunguliwa huko mwaka 1997 juu ya kilima, ilihamishwa 2021 na watu wake wakapelekwa Mahama, kwa sababu makorongo yalikuwa yanaimega. Nguzo iwe ya karatasi au ya chuma, haizuii korongo.

Siku hizi nyumba inayojulikana zaidi ni ile ya Better Shelter ya Sweden, iliyobuniwa kwa ushirikiano na UNHCR na Wakfu wa IKEA: fremu ya chuma, paneli za plastiki, taa ya sola, masanduku mawili, na watu wanne wanaiunganisha kwa saa chache. Eneo lake la kukaa ni mita za mraba 17.5. Kwa kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, cha mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, wanakaa watu watano.

Tuchukue mteremko wa asilimia 20. Nyumba ina urefu wa takriban mita 5.7 na upana wa mita 3.3. Ukiielekeza urefu wake kufuata mteremko, ncha moja itakuwa chini ya nyingine kwa mita 1.14. Ukiilaza kukingama mteremko, tofauti inashuka hadi sentimita 66. Uamuzi huo mmoja unapunguza karibu nusu ya kina cha kuchimba, na haugharimu chochote.

Mtego uko kwenye kifusi. Udongo unaochimbwa upande wa juu humwagwa upande wa chini ili kiwanja kipanuke upesi, kisha nguzo za mbele zinasimamishwa juu yake. Mvua ikinyesha kifusi kinadidimia, fremu inapinda, mlango unagoma kufunga, paneli zinaachia kwenye maungio. Lawama inaiendea nyumba, wakati kosa liko chini yake. Afadhali kuchimba zaidi ndani ya kilima ili nguzo zote zisimame kwenye ardhi ambayo haijaguswa, na kifusi kishindiliwe kiwe njia ya kupita. Halafu zipigwe mambo nne na kamba, ipimwe pembe kwa pembe: vipimo vyote viwili visome mita 6.59. Vikitofautiana, mambo zihamishwe kabla boliti haijaguswa.

Yanabaki maji. Mvua ya milimita 50 ikishukia eneo la nyumba moja ni zaidi ya lita 875. Safu ya nyumba 20 inamwaga zaidi ya lita 17,500 juu ya safu iliyo chini yake. Kila kiwanja kinahitaji mfereji wa nyuma, nayo mifereji hiyo iingie kwenye mfereji mkuu wa mawe wenye ngazi za kuvunja kasi. Saruji inatengenezwa humu humu wilayani, kiwandani CIMERWA, Bugarama. Mfereji unastahili fungu lake kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Nafasi kati ya nyumba nayo isiguswe. Mwaka 2015 jiji la Zurich lilifuta mpango wa kuhamishia watu kwenye nyumba hizi baada ya jaribio kuonyesha zinashika moto kirahisi, na moto hupanda mlima haraka. Kwa hiyo kilima kitabeba nyumba chache kuliko mchoro wa tambarare unavyoahidi, na takwimu za mapokezi zikubali hivyo.

Watu wa kituo cha muda huhamishwa, na nyumba hufunguliwa boliti zikaenda kwingine, ila viwanja na mifereji hubaki vikisubiri wanaofuata. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, Juni hadi Agosti. Mvua za Septemba zikishaanza, udongo uliolowa haushindiliki.