Mstari wa Mwalimu wa Darasa

Shule zikifungwa Juni au Desemba, mtoto akifika nyumbani na ripoti, jicho la mzazi hukimbilia nafasi. Wa ngapi? Akisoma "wa 31 kati ya 42", karatasi inakunjwa na mtoto anaanza kusomewa mashtaka, hata kama wastani wake ni 78. Maoni ya mwalimu wa darasa, kule chini, hayasomwi. Wazazi hatuna lawama sana: tumezoea kukuta "Ongeza bidii", maneno yanayoweza kuandikwa bila kumjua mtoto.

Lakini kuna walimu wanaouandika mstari ule wa maoni kwa ufundi. Ninayemfikiria anafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya masista. Mtoto mmoja alikuwa amepata alama za kati katika Hisabati. Mwalimu akaandika: "Kujumlisha yuko vizuri. Kwenye kutoa, akishakopa husahau kupunguza. Mpeni hesabu tatu kila jioni, mkae naye." Ukifungua daftari la mtoto unaliona kosa lenyewe: 52 toa 27, jibu 35. Mamoja yako sawa, makumi yamebaki kama hayakukopwa. Hapo mzazi aliyeishia darasa la saba ana kazi ya kufanya leo baada ya chakula, bila kutafuta mwalimu wa tuisheni.

Mstari kama huo hauandikwi wiki ya kufunga shule. Mwalimu ana kaunta buku, kila mtoto na ukurasa wake. Anaposahihisha, kosa likijirudia analiandika pale kwa maneno machache. Muhula ukiisha anachagua jambo moja, na mengine anayaacha ingawa anayajua. Mimi naona ufundi wake uko hasa katika kuacha.

Sehemu ya tabia ni ngumu zaidi. Shule ni ya kanisa, na wapo Waislamu wengi wanaowapeleka watoto wao. Mwalimu hapimi ucha Mungu wa mtu. Anaandika alichokiona: "Siku hizi anamngoja mwenzake amalize kusema."

Kwenye kikao cha wazazi cha shule hiyo, baada ya sala na kabla ya suala la ada (linalokula muda kuliko yote), mwalimu mkuu, ambaye ni sista, husoma taarifa ya taaluma, hasa ya mtihani wa darasa la saba. Mtihani huo una masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. A ya somo inaanzia 41. Tangu 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania limeacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, lakini mabango ya "wote daraja A" bado yananing'inia kwenye mageti ya shule binafsi. Yanapendeza, ila kila anayeishi jirani na shule anaijua njia ya mkato: mtoto dhaifu anakaririshwa darasa, au mzazi anashauriwa kwa upole amhamishe mapema.

Ndiyo maana naipenda taarifa ya sista huyu. Haianzi na wastani. Inaanza na walioandikishwa darasa la kwanza, waliohama, waliokariri, kisha waliofanya mtihani. Halafu anaweka matokeo ya upimaji wa darasa la nne wa watoto hao hao kando ya matokeo yao ya darasa la saba, ili darasa lipimwe kwa lilikotoka, si kwa shule ya mtaa wa pili. Somo lililoshuka analitaja kwa jina na kueleza lilikaa muda gani bila mwalimu. Mzazi akiuliza, anajibiwa palepale.

Ripoti ya mtoto ina kipande cha kukata na kurudisha shuleni. Wengi huweka sahihi tu. Wachache huandika kitu: "Kukopa ameelewa, sasa anasumbuliwa na kuzidisha kwa 7." Yule mwalimu wa darasa la tatu hubandika vipande hivyo kwenye kaunta buku yake, ukurasa wa mtoto husika, na maoni ya muhula unaofuata huanzia hapo.