Tezi Zilizonyamazishwa: Steroidi na Kipimo cha Adrenali kwa Wagonjwa wa Baridi Yabisi

Baridi yabisi hutokea kinga ya mwili inapoushambulia utando wa ndani wa maungio, hata yakavimba, yakauma na kukakamaa, hasa asubuhi. Uwezo wa steroidi kuutuliza uvimbe huo ulidhihirika mwaka 1948 katika kliniki ya Mayo nchini Marekani, ambako Philip Hench na wenzake walimdunga mgonjwa miligramu 100 za kotisoni kwa siku, naye akaanza kutembea kwa wepesi baada ya siku chache.

Madhara ya tiba hiyo yalijitokeza baadaye, na chanzo cha mojawapo ni namna mwili unavyojipimia homoni. Kwa kawaida ubongo huiagiza tezi ya pituitari itoe homoni ya ACTH, ambayo huziamuru tezi za adrenali, zilizoketi juu ya figo, kutengeneza kotisoli. Kotisoli ikishatosha, amri hupunguzwa. Kwa kuwa ubongo hauitofautishi kotisoli na prednisoloni, steroidi ya kidonge, mgonjwa anayeimeza kwa zaidi ya majuma matatu au manne huenda amri hiyo ikakatika, na tezi zisizoamriwa husinyaa.

Kuzipima tezi hizo kunahitaji uangalifu, kwani kotisoli hupanda alfajiri na kushuka usiku, na baadhi ya vipimo vya maabara huisoma prednisoloni kana kwamba ni kotisoli. Kwa sababu hiyo, daktari humwelekeza mgonjwa asimeze kidonge kwa muda wa kama saa 24, damu ya kwanza ikachukuliwa asubuhi, kisha akadungwa mikrogramu 250 za tetrakosaktidi, yaani kipande cha ACTH kilichoundwa maabarani, na damu ikachukuliwa tena baada ya dakika 30. Kotisoli ikifikia takriban nanomoli 500 kwa lita, kiwango kinachotofautiana kwa kila aina ya kipimo, tezi huhesabiwa kuwa zinaitikia.

Thamani ya kipimo hiki huonekana zaidi dozi inaposhuka chini ya miligramu 5 za prednisoloni, ambazo hukaribia kazi ya siku nzima ya tezi zenyewe. Hapo mgonjwa akilalamikia uchovu na maumivu ya maungio, ni rahisi kudhani kwamba baridi yabisi imerudi, ilhali huenda ni upungufu wa kotisoli. Asiyetenganisha mawili hayo huweza kuirudisha dozi kubwa, na kuzinyamazisha upya tezi zilizokuwa zikianza kuamka.